Mto Chini ya Goti

6 Februari

Dada,

"Sawa." Ndiyo nini hiyo? Nimetuma picha zangu zote za mlimani kwenye kundi la familia. Shangazi ameweka mioyo mpaka skrini imejaa, mama ameandika "Mungu akutunze mwanangu", hata binamu yetu asiyemsalimia mtu ameuliza huo mlima una urefu gani. Wewe peke yako umeandika "Sawa", na nukta ukaweka. Nakujua vizuri. Ukishaweka nukta, kuna mtu atalia.

Naandika barua pepe kwa sababu simu ya nyumbani ikilia tu inawekwa spika, na mama anajibu kabla sijamaliza kuuliza. Hapa tuko wawili. Niambie nimekosa nini.

Kama ni safari yenyewe, basi ngoja nikusimulie, ukasirike ukijua unachokasirikia. Tulikwenda wanne, wote wa nyumba hii ninayopanga. Bi Ratiba ndiye aliyepanga kila kitu. Alitugawia karatasi yenye saa ya kuamka, saa ya chai, mpaka saa ya kufurahia mandhari, na ukimaliza kufurahia mapema anakwambia bado, rudi ukatazame. Kijiti ni mrefu hivi kwamba kwenye basi ilibidi ajikunje kama mwavuli. Na Profesa si profesa, ana miwani tu. Tuliondoka Ijumaa baada ya vipindi, tukalala kwenye banda la mbao chini ya mlima, Jumamosi tukapanda. Dada, nilipanda mpaka juu! Mimi niliyekuwa najitia kuumwa tumbo kila siku ya mbio shuleni. Kijiti aliteleza akakaa kwenye tope, akakataa kunyanyuka mpaka apigwe picha. Ile picha yangu nimefumba macho na meno yote nje, ni hapo. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Tangu nije huku, ilikuwa mara ya kwanza sikuwa "yule mgeni". Nilikuwa mtu tu, niliyechoka na mwenye njaa kama wenzake.

Halafu kuna jambo, liwe letu wawili. Nimemnunulia baba viatu. Vya ngozi, vya kupandia milima, soli nene, maji hayapenyi hata ukisimama mtoni. Masika yote ya utoto wangu namkumbuka anarudi kutoka kusoma mita za maji za watu, anavua viatu mlangoni, anavipindua, na maji yanamwagika. Nimempa mwanafunzi mwenzangu anayerudi nyumbani mwezi ujao, atamkabidhi baba mkononi. Usimwambie, nataka ashtuke.

Na Jumapili mbona hamkupokea simu?

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Nilikukalia kimya kwa sababu nilijua nikiandika na hasira nitasema nisiyotakiwa kusema. Hasira hazijaisha, lakini kimya nacho kinaniua, kwa hiyo soma.

Picha zako zilinikuta mahali ambapo sikutaka kuona meno ya mtu yeyote. Sikwambii ni wapi. Nilikuwa nimekaa, simu ikalia, nikadhani ni habari niliyokuwa naisubiri, kumbe ni wewe na huyo mtu mrefu mko kwenye tope mnacheka. Nilitaka kuitupa simu ukutani.

Hapa saluni wateja wangu wanakufuata kila unapoweka picha. Wiki nzima wananiuliza, "Mdogo wako anasoma au anatalii?" Mimi navuta nywele, nasuka, nacheka nao. Mmoja nilimvuta sana mpaka akalia machozi, akaniambia hatarudi. Mwambie Bi Ratiba wako anipangie na mimi saa ya kufurahia mandhari, kati ya kuamka na kulala, kama ataipata.

Viatu usilete. Kama huyo mwenzako hajaondoka, vichukue, virudishe dukani. Baba hataki viatu. Usiniulize kwa nini, usimpigie mama kumuuliza, usifanye ujanja wowote. Usilete viatu.

Jumapili mtandao ulisumbua. Baba hajambo. Wote hatujambo.

Dada yako

12 Februari

Dada,

Umemaliza? Basi sasa nisikilize.

Unadhani huku nimekuja kula starehe. Kila Jumamosi na Jumapili, kwa miaka miwili na ushee, nimesimama kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kwenye mvuke, napiga pasi mashuka ambayo watu watayakunja tena usiku huo huo. Wenzangu wakiniita twende mahali nasema nina kazi. Wakaniita, wakaniita, wakachoka kuniita. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikila chakula changu nimeegemea friji, kwa sababu mezani walikuwa wanacheka mambo nisiyoyajua. Nilipokwambia, ulinijibuje? "Tafuta watu, mdogo wangu, utachizika." Haya, nimewatafuta na nimewapata. Nimeomba ruhusa kazini wikiendi moja, moja tu, na umenigeuza mhuni.

Sitaomba ruhusa ya kucheka, si kwako wala kwa wateja wako.

Viatu vimeshaondoka mikononi mwangu na sivirudishi. Ni vya baba yangu, na ni baba yangu kama alivyo wako. Kama una wivu kwamba mimi ndiye niliyewaza kumnunulia, sema wazi.

Usiniandikie mpaka uwe tayari kuniomba radhi.

Mimi

17 Machi

Viatu vimefika.

Nilikuwapo, kwa hiyo nitakueleza ilivyokuwa. Huyo mwenzako ni kijana mwenye adabu. Alibisha hodi, akakaa, akamkabidhi baba boksi mkononi kama ulivyomwagiza. Mama alikuwa anakuja na trei ya chai. Baba akafungua, akatoa cha kulia, akakigeuza akatazama soli, akasema, "Vizuri sana." Akatoa cha kushoto, akakilaza mapajani, juu ya shuka alilojifunika. Kijana anatabasamu, anasubiri. Akasema, "Jaribu mzee, nimpige picha nimtumie." Hapo mama akaangusha trei.

Baba hana mguu wa kushoto.

Nimekatazwa kukwambia na nimechoka kukatazwa. Ni kisukari. Kidonda cha kidole alichokuwa anakiita mkwaruzo, akiwa anaendelea kutembea nacho mtaa kwa mtaa akisoma mita, mpaka tulipokuja kushtuka mguu ulishakuwa mweusi. Walimkata chini ya goti, Jumamosi ile ile. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Hapo ndipo simu ilipolia, na hapo ndipo nilipoyaona meno yako.

Alipotoka hospitali, kila Jumapili kabla hujapiga tunamvalisha shati lake la kazi, tunamkalisha nyuma ya meza. Mimi ndiye ninayeshika simu. Mkono wangu huu ndio unaohakikisha humwoni chini ya kifua. Unasema, "Dada mbona simu inatetemeka," nami nasema nimechoka kusuka. Ni kweli nimechoka. Namwogesha, namsindikiza chooni, nasafisha kidonda, halafu nakwenda saluni nasimama mpaka jioni, halafu nakuja kuandikiwa kwamba nina wivu wa viatu.

Tulisema umalize mitihani kwanza. Mwaka wa mwisho, tusikuchanganye. Mama hajalala kitandani kwake tangu baba arudi, analala kwenye mkeka pembeni mwa baba. Anamwekea mto chini ya goti usiku na mchana, kwa sababu likikaa juu ya mto baba anapumzika. Kila asubuhi anabadilisha foronya, zile za maua alizokuwa anazitunza kwa ajili ya wageni. Huyo ndiye mama yako, huo ndio mwezi wetu, na wewe umetuletea viatu.

Dada yako

17 Machi

Toeni huo mto.

Acha kusoma, nenda katoe mto, ndipo urudi.

Umetoa? Sasa niambie, mimi nasomea nini? Nakuuliza wewe uliyenisindikiza na kubeba begi langu. Mnaniambia "soma kwa bidii" kila Jumapili, mnadhani nasoma nini huku? Nasomea mazoezi ya viungo. Goti likikaa limekunjwa juu ya mto mchana na usiku, misuli ya nyuma inafupika. Ikishafupika, goti halinyooki, na goti lisiponyooka mguu wa bandia hauvaliki, hata ungekuwa wa dhahabu. Mnamfunga baba kitandani, Dada. Kwa mto, na foronya safi!

Na unajua mwezi wa pili nilikuwa wapi kwa mazoezi ya vitendo? Kwenye wodi ya waliokatwa miguu. Kila asubuhi nilikuwa nanyoosha magoti ya baba za watu. Niliwafokea ndugu zao kuhusu mito, niliwanyang'anya mito mikononi. Halafu Jumapili nakaa kitandani kwangu nawapigia nyinyi, namwambia baba yangu, "Baba leo umependeza," naye ananijibu, "Sisi wazima," na wewe umeshika simu.

Umenitukana kwa kucheka. Huwezi kunifungia mlango halafu unilaumu kwamba sikuingia. Mlikaa mkala njama, mama, wewe, shangazi na mioyo yake, mkaamua mimi ni mtoto wa kuchekeshwa. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba katika ukoo mzima kuna mtu mmoja tu anayejua la kufanya na mguu uliokatwa, na ndiye mliyemficha!

Hospitali hawakuwafundisha? Au walifundisha mkasahau? Sasa fanya hivi. Alale kifudifudi kila asubuhi na kila jioni, kitandani pasipobonyea, goti limenyooka, hata kama anaguna. Akilala chali, goti libaki limenyooka bila kitu chini yake. Akikaa, weka ubao ushikilie mguu ulionyooka, usining'inie. Awe anakaza paja, analiachia, anakaza tena. Asinyooshewe kwa nguvu. Ataumia, na mama atalia. Acha alie.

Natazama nauli. Nakuja.

20 Machi

Binti yangu,

Naandika mwenyewe. Mkono bado upo.

Dada yako alinisomea barua yako. Aliruka matusi, lakini niliyasikia kwa namna alivyokuwa anavuta pumzi. Usimtukane tena. Aliyekataza usiambiwe ni mimi. Habari ya mitihani ni ya mama yako. Mimi nilikuwa na yangu, na sikumwambia mtu.

Tangu nirudi, kila anayeingia chumbani anatazama shuka kwanza, halafu ndipo anatazama uso. Jirani, mchungaji, wenzangu wa idara ya maji, wote. Mama yako akinitazama anatazama dawa. Wewe tu Jumapili ulikuwa unaniuliza kama mbwa wa nyumba ya kona bado ananikimbiza nikienda kusoma mita yao. Nakwambia ndiyo, bado, wiki hii amenikosa kidogo. Kwa dakika hizo nilikuwa na miguu miwili. Nilitaka abaki mtu mmoja anayeniona mzima. Kama ni kosa, ni kosa langu.

Mto umetolewa. Nalala kifudifudi kama ulivyoamuru. Inauma kuliko walivyokata. Hospitali palikuwa na mama mmoja alitufundisha mazoezi mara moja, lakini mama yako alikuwa analia na dada yako alikuwa amekwenda kutafuta dawa, nami nilijitia nimesikia. Na sikujua kama unasomea haya. Nilijua unasomea kukanda wachezaji mpira. Nimewaambia hivyo watu wa mtaa mzima.

Usije. Ukiacha mitihani ukaja, sitakufungulia mlango, na kwa hali yangu hilo ni rahisi kulitimiza.

Kiatu cha kulia nimekivaa. Kinabana kidogo lakini kitalegea.

Baba yako

21 Machi

Shikamoo Baba,

Vua kiatu. Mwenye kisukari havai kiatu kinachobana, hata kama kimenunuliwa na mwanawe. Mpe mtu vyote viwili. Mguu huo mmoja uliobaki utazamwe kila jioni, mpaka katikati ya vidole, na Dada mwenyewe, si wewe, kwa sababu wewe kidonda unakiita mkwaruzo.

Baba, nimekukasirikia. Sijawahi kukuandikia neno hilo maishani, lakini nikilimeza litanikaa kooni. Unasema ulitaka abaki mtu mmoja anayekuona mzima. Huyo mtu hakuwa mimi. Ulikuwa unazungumza na picha yangu iliyo juu ya kabati. Mimi mwenyewe nilikuwa huku, na kama ungeniambia siku ile ile, ningekuuliza habari za mbwa vile vile, halafu ningekwambia utoe mto. Ningeweza yote mawili. Umeninyima moja, na sijui kama tutalipata tena.

Nilifunga begi kweli. Wale niliopanda nao mlima, ambao Dada hawapendi, ndio walionizuia. Nilikuwa napiga kelele chumbani, wakaingia wote watatu. Bi Ratiba alilifungua begi, akatoa nguo moja moja akazirudisha kabatini bila kuniuliza, kisha akakaa sakafuni akasema, "Tuanze na goti." Kijiti amelala mezani akiwa amefunga mguu mmoja kwa nyuma, na Profesa amepiga picha kila zoezi. Zitakuja pamoja na barua hii. Usimcheke Kijiti, meza ilikuwa fupi.

Nitafanya mitihani. Lakini nataka kitu kimoja na sitaki kubembelezwa. Niambiwe. Zuri na baya, siku linapotokea, kabla halijapambwa. Msipoweza, Jumapili msipokee simu yangu.

Mwanao

28 Aprili

Mdogo wangu,

Ulitaka kuambiwa. Haya.

Leo tumempeleka baba kwa fundi wa miguu ya bandia. Amelishika goti, akalinyoosha, akaweka kile kipimo chao, akarudia. Limegoma. Limefunguka kuliko mwezi uliopita, lakini halijafika panapotakiwa. Hakuchukua kipimo cha mguu. Amesema tuendelee na mazoezi, turudi alitazame tena, na amesema mbele ya baba kwamba huenda lisinyooke kabisa. Baba akamwambia asante. Alikuwa amevaa shati la kazi.

Ndani ya teksi mama akasema, "Mwandikie limenyooka. Mitihani ni wiki ijayo." Nikasema siandiki. Akasema mimi ndiye niliyeharibu kila kitu siku ya viatu. Nami nikamjibu, nikamjibu vibaya, mpaka dereva akapunguza redio ili asikie vizuri. Baba alikuwa kiti cha mbele. Tulipofika nyumbani akashika magongo yake, akasema, "Mwandikie kama ilivyo," akaingia ndani.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Sikuombi radhi. Yale niliyosema kuhusu kucheka kwako nayafuta, mengine yanabaki. Wewe hujui kumwinua mtu mzima chooni asubuhi, mimi najua, na bado nimekukasirikia kwa kuwa mbali, hata kama si kosa lako. Siku ukija utanikuta nimekasirika.

Sasa jambo jingine. Jioni mama alinifuata saluni, kwa miguu, hajawahi kuja. Alingoja mteja aondoke. Akaniuliza, "Ni ule mto, sivyo? Ni mimi niliyemlemaza." Nimesuka watu miaka kumi, sijawahi kuona mtu anashika kiti namna ile. Nikamwambia si mto. Akasema, "Wewe hujui. Muulize mdogo wako, ndiye anayesomea."

Atanisubiri kesho nimsomee jibu lako. Najua ulichonifokea, najua ulichomwandikia baba. Andika unavyojua mwenyewe. Mimi nitasoma chochote utakachoandika, neno kwa neno.

Dada yako

29 Aprili

Mama, shikamoo,

Dada ameniambia kila kitu, goti na teksi pia. Nimefurahi ameniambia. Usimnunie.

Amesema umeuliza kuhusu mto. Nimeketi nalo swali lako usiku kucha, nimefungua na vitabu. Mama, magoti mengine hugoma tu, hata ya watu wanaotunzwa na wataalamu watupu. Ni upasuaji, ni sukari, ni umri wa baba. Mtu ambaye goti lake lilikuwa linyooke, hata angelazwa juu ya mito kumi lingenyooka.

Yale ya zamani niliyoandika kuhusu mto niliyaandika kwa hasira, sikuwa na hakika nayo. Zile foronya zirudishe kabatini, wageni watakuja tu. Lala kitandani kwako leo. Dada atamlaza baba kifudifudi, nawe usiingie chumbani mpaka amalize.

Si mto, mama. Mimi ndiye ninayesomea haya, na nakwambia si mto.

Mwanao